Transfoma Si ya Mureithi

Kila asubuhi nilianza siku kwa kupigana na injini.

Jina langu ni Mutindi. Watu wa Kitengela wananiita Mama Ndeti, kwa jina la mtoto wetu. Mwaka wa 2006 nilikuwa na mashine ya kusaga unga upande wa Noonkopir, nyuma ya soko. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri. Adui alikuwa injini yake ya dizeli. Unaizungusha kwa hendeli mara tano, inakohoa. Unaizungusha mara ya sita, inakurudishia hendeli mkononi. Siku ikikubali kuwaka, ilitoa moshi mweusi na kelele nyingi. Nilikuwa naongea na wateja kwa vidole.

Mume wangu, Musila, alikuwa na kibarua kwenye kiwanda huko Athi River. Mshahara wake uliishia kwa kodi ya nyumba na karo. Chakula chetu kilitoka kwa mashine.

Mwaka huo dizeli ilipanda bei. Ikapanda tena. Nilipoongeza bei ya kusaga, akina mama waliniambia peupe, "Mama Ndeti, si tutaenda kwa ile ya stima huko steji ya matatu?" Na kweli walienda. Kulikuwa mbali, lakini gorogoro moja ya mahindi, ule mkebe wa kilo mbili, ilisagwa kwa bei ya chini. Wateja wangu walibaki wa kuhesabu kwa mkono mmoja.

"Tuuze hii mashine," Musila akasema. "Tuiuze kabla haijakuwa vyuma vya mtu wa chuma kuukuu."

"Uza kitanda kwanza," nikamwambia. "Mashine haitoki hapa."

Jambo lililoniuma ni hili: stima, yaani umeme, ilikuwa karibu. Nikisimama mlangoni niliona nguzo. Juu ya nguzo niliona transfoma, lile sanduku kubwa la chuma linalopunguza nguvu ya umeme ili uweze kuingia nyumbani. Ilikuwa hatua mia tatu tu. Lakini mtaa wote ulijua kwamba transfoma ile ni ya Mzee Mureithi.

Mureithi alikuwa na shamba na kuku elfu moja. Mwaka wa 1996, wakati huku kwetu swara walikuwa wengi kuliko watu, alilipa pesa nyingi ndipo laini ya stima ikamfikia. Risiti aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni kando ya picha ya harusi. Tangu siku hiyo, mtu akitaka stima alienda kwanza kwa Mureithi kuomba. Watu walimpelekea sukari. Mmoja alimpelekea jogoo, mtu ana kuku elfu moja! Wachache aliwauzia stima kwa waya mwembamba uliofungwa kwenye ua, balbu moja kila nyumba. Mvua ikinyesha, ua ulitoa cheche.

Na kuna jambo ambalo mpaka leo linanitia haya. Tulifanya harambee kanisani. Tulichanga pesa za kuzungushia nguzo ya transfoma seng'enge, na geti ndogo, na kufuli. Ufunguo tukampa Mureithi. Mimi pia nilichanga, na nikapiga makofi.

Basi siku moja nilivaa nguo ya kanisa, nikaenda kwake. Sikubeba sukari.

"Mzee, nataka kuvuta stima ya mashine."

Mureithi aliangalia fremu yake ukutani kwanza. "Mutindi, wewe ni jirani mzuri. Lakini hii transfoma yangu imechoka. Ukiweka mashine ya kusaga, kuku zangu zitalala giza. Nikupe laini ya balbu moja. Hiyo nitakusaidia."

"Balbu haisagi mahindi, Mzee."

"Basi ngoja. Pengine mwaka ujao."

"Mwaka jana uliniambia mwaka ujao."

"Na ni uongo? Mwaka ujao si bado unakuja?" Akacheka. Mkewe, Virginia, alileta chai. Nikainuka bila kuigusa. Kuacha chai ya mtu mezani ni neno zito kwetu, na nilitaka alisikie.

Juma lile lile alikuja kwangu Nalianya, msoma mita. Alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, na viatu vyake vilikuwa vimeisha kwa kutembea. Zamani alifanya kazi kwenye mabwawa ya mto Tana. Sasa alizunguka Kitengela yote akisoma mita na kufukuzwa na mbwa. Alileta mtama wake nimsagie. Injini ikazimika katikati. Nikashika hendeli, nikaanza tena vita.

"Mama Ndeti," akasema, "mbona unajiua na hii kitu na laini iko hapo?"

"Hiyo transfoma ni ya Mureithi."

Nalianya alicheka mpaka akakalia gunia. Mimi sikucheka.

"Unachekea nini?"

"Pole, mama. Lakini niambie. Mtu akichanga pesa lami ifike kwake, hiyo barabara itakuwa yake? Atasimama hapo akuzuie kupita?"

"Ajaribu!"

"Basi. Transfoma ni ya kampuni ya stima. Mureithi alilipa ndio laini imfikie. Ikiharibika, ni kampuni inaibadilisha. Mtu akiwa ndani ya mita mia sita kutoka hapo anaomba ofisini. Haombi kwa jirani. Na bei ya kuunganishwa ni moja kwa wote wanaotaka stima ya aina moja."

"Na kama imechoka kweli?"

"Hiyo inapimwa na fundi wa kampuni, na chombo cha kupima. Haipimwi na mwenye kuku."

Damu ilinipanda. Nilikumbuka yale makofi yangu. "Kwa hivyo sisi tulifanya harambee ya kufungia mali ya kampuni?"

"Na mkampa mtu wa kuku ufunguo," akasema Nalianya. Safari hii alijizuia asicheke.

Nikakaa chini. Bado nilikuwa na wasiwasi mmoja. "Lakini Baba Ndeti anasema bili za stima zinapanda kila mwezi. Nisije nikaruka mkojo nikakanyaga mavi."

"Zinapanda, na pia zinashuka. Sikia. Stima yetu nyingi inatoka kwa maji. Nilikuwa huko bwawa la Kindaruma, nimeona kwa macho yangu. Maji yanaanguka, yanazungusha mtambo, mtambo unatoa stima. Maji hayauzwi kwa lita. Lakini mvua ikikosa, bwawa linapungua, mtambo unakosa nguvu. Unakumbuka mwaka wa 2000?"

"Nitasahau aje? Tulikuwa tunakatiwa kwa zamu. Baba Ndeti alinyolewa nusu kichwa, stima ikapotea. Alienda kazini na kofia."

"Hiyo ilikuwa kiangazi. Nchi ilikuwa imeegemea mvua sana. Ndio tusirudi pale, sasa mabwawa yakipungua kunawashwa mitambo mikubwa ya dizeli. Na dizeli unaijua."

"Kama jino bovu."

"Ni hiyo hiyo. Inanunuliwa ng'ambo, inaletwa na meli. Bei yake wanagawanyiwa watu wote wenye mita. Ukiangalia bili, utaona mstari wa gharama ya mafuta. Kiangazi kikiwa kikali, kama mwaka huu, mstari huo unapanda. Mabwawa yakijaa, unashuka."

"Kwa hivyo nikimbie dizeli huku, nikaikute huko?"

"Swali nzuri. Utaikuta, lakini kidogo. Huko imechanganywa na stima ya maji, na ya mvuke. Na mtambo mkubwa hautupi mafuta ovyo kama hiki kikohozi chako."

"Mvuke gani?"

"Huko Olkaria, karibu na Naivasha. Ardhi huko chini ni moto. Wanachimba kisima kirefu sana, mvuke unatoka kwa nguvu, unazungusha mtambo. Mvuke haungoji mvua, na haununuliwi kwa pipa. Shida ni kuchimba. Kisima kimoja kinakula pesa nyingi, na kinaweza kukosa mvuke. Lakini nchi ikichimba vingi, dizeli itapungua."

"Na nani analipa hivyo visima? Na hizo nguzo?"

"Sisi, kwa bili na kwa kodi. Kila mwenye mita analipia mitambo na laini kidogo kidogo. Watu wakiwa wengi kwenye laini moja, mzigo unagawanyika. Wewe ukiingia, humpunguzii Mureithi kitu. Unamsaidia kubeba."

Kisha akanieleza njia. Kwanza nitafute fundi mwenye leseni aweke nyaya za ndani. Mtu wa kupachika waya kwenye ua, hapana. Halafu nijaze fomu, nichukue kitambulisho, nichore ramani ya ploti, nipeleke ofisini. Pesa nilipe kwenye dirisha la ofisi peke yake, na risiti niisome kabla sijaondoka pale.

Jioni nilimwambia Musila yote. Alikuna kichwa.

"Mama Ndeti, mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha miaka mitatu. Sasa anipishe yeye."

Musila aliniangalia, akaona sitanii. Kesho yake aliomba mkopo kwa ushirika wa kazini. Mimi nikachukua zamu yangu ya pesa kwenye chama cha akina mama. Fomu nikaipeleka mwenyewe.

Mpimaji wa kampuni alikuja na futi na karatasi. Alisema mashine yangu iko ndani ya mita mia sita, na zimebaki nyingi. Njia fupi ilipita ndani ya shamba la Mureithi. Mureithi akakataa.

"Hapo ana haki," Nalianya akaniambia. "Ardhi ni yake. Transfoma ndio si yake. Tafuteni njia nyingine."

Njia nyingine ilipita pembeni mwa shamba la Mzee Kuntai, jirani yetu Mmaasai. Mpimaji alinipa fomu ya ruhusa ya kupitisha laini. Akanipa pia onyo: bei niliyoandikiwa ilikuwa ya siku tisini. Zikiisha bila ruhusa, ningeanza upya. Na Musila, kwa hofu ya ule mkopo, alikuwa ameshapata mtu wa kununua mashine. Alisema atamngojesha mtu huyo siku hizo tisini, asizidishe hata moja.

Nilimkuta Kuntai akikagua ndama.

"Supa, Mzee," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Ng'oto Ndeti, karibu." Ndivyo Wamaasai humwita mama Ndeti. Alinipa kigoda. Nilipotoa ile karatasi, uso wake ulibadilika.

"Hiyo irudishe kwa mfuko."

"Mzee, ni nguzo mbili tu."

"Leo nguzo, kesho hati ya mtu. Unaona kutoka hapa mpaka ile barabara ya lami? Ilikuwa ya baba yangu. Aliletewa karatasi na watu wa kucheka cheka kama wewe. Akaambiwa weka kidole hapa. Akaweka. Mwezi ukaisha, akaambiwa ng'ombe zake zinakula nyasi ya mtu."

Alikuwa anasema kweli, na maumivu yake yalikuwa usoni. Ningeweza kumbembeleza. Ningeweza hata kulia, maana machozi yalikuwa karibu. Lakini nikaona kumlilia mtu atie sahihi ni kumfanyia kama wale waliomfanyia baba yake.

"Basi usitie sahihi," nikasema. "Tuisome tu."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa hivyo nilisoma polepole, mstari mmoja kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Ardhi inabaki ya mwenyewe. Asijenge nyumba chini ya nyaya, wala asipande miti mirefu hapo. Mafundi wanaweza kuingia kutengeneza laini. Wakiharibu kitu, mwenye shamba adai fidia.

"Ng'ombe watapita chini?"

"Watapita."

"Soma tena hapo pa ardhi."

Nikasoma tena. Akaniambia nisome mara ya tatu. Kisha akaamka, akanipeleka mpaka mahali mpimaji alipogonga kigingi. Kilikuwa kwenye mlango wa zizi la ndama.

"Hapa nakataa," akasema.

"Una haki ya kukataa. Waambie wapi."

Mpimaji alirudi. Akasogeza kigingi mpaka kwenye ua, akachora ramani upya, akaandika mabadiliko kwenye fomu. Kuntai akaniambia niisome yote mara ya nne. Ndipo akachukua kalamu. Mpimaji akamsogezea wino wa kidole.

"Peleka hiyo wino yako kule," Kuntai akasema. "Kidole aliweka baba. Mimi naandika."

Akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Lori la kampuni lilikuja saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Nguzo zilikuwa zimeshasimama. Kilichobaki kilikuwa kuunganisha kwenye transfoma. Msimamizi wa mafundi alikuwa mwanamke kijana anaitwa Judy. Alishuka na kofia yake ngumu, akakuta geti ya seng'enge imefungwa kwa kufuli. Mbele ya geti alisimama Mureithi na koti lake la Jumapili. Fremu ya risiti alikuwa ameishika kifuani.

"Hakuna mtu anagusa transfoma yangu," akasema.

Watu wakaanza kujaa. Akina mama wa mahindi walikuja. Nalianya alisimama na kitabu chake. Kuntai alikuja na fimbo.

"Mzee, una karatasi ya kuonyesha ni yako?" Judy akauliza kwa heshima.

"Hii hapa! Miaka kumi iko ukutani!"

Huyu ndiye mtu niliyempigia makofi kanisani. Lakini nikasonga mpaka mbele yake.

"Isome, Mzee."

"Nini?"

"Isome kwa sauti. Tusikie sote."

Mureithi alitoa miwani. Akasoma jina lake. Akasoma pesa, kwa sauti kubwa. Akasoma neno "mchango." Halafu akaishusha fremu.

"Endelea, baba," mama mmoja akapaza sauti. "Kwani hapo mbele kumeandikwa Kichina?"

Judy akainama, akamalizia yeye. Mchango wa kuvuta laini. Laini na vifaa vyake vyote vitabaki mali ya kampuni.

Watu waliguna. Miaka kumi ile karatasi ilikuwa kwenye ukuta, na kila mgeni aliyeoneshwa alisoma pesa tu. Hata mwenyewe.

"Nililipa pesa nyingi!" Mureithi akafoka. Sauti yake ilikuwa inakatika. "Mlikuwa wapi nyinyi wakati nilikuwa nauza ng'ombe nilipie hii laini?"

"Ulilipa, Mzee," nikasema. "Hakuna mtu anakataa. Ulilipa stima ije kwako, na ikaja. Hukulipa isije kwangu."

Alinitazama muda mrefu. Mimi pia nilimtazama, sikuinamisha macho. Virginia, mkewe, alikuja kutoka nyuma, akamwingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akampa Judy. Alichukua fremu, akarudi nyumbani.

Fundi alipanda juu na chombo chake cha kupima. Aliposhuka alisema transfoma inabeba chini ya nusu ya uwezo wake. Nalianya alinitazama, akakohoa kama injini yangu.

Saa tisa mchana nilibonyeza swichi. Mota mpya ya stima ilivuma, mahindi yakashuka, unga ukatoka. Hakukuwa na moshi. Kwa mara ya kwanza niliwasikia wateja wangu wakisengenyana hapo hapo dukani kwangu, neno kwa neno. Nililia kwa furaha mbele yao wote.

Mtu aliyetaka kununua mashine, Musila alimwambia aende salama.

Bili ya kwanza ilipofika, Musila aliishika kama barua ya kifo. "Umeona? Mafuta! Mafuta! Wameanza!"

"Leta hapa." Nilimwonyesha mstari mmoja mmoja. Hapa ni stima tuliyotumia. Nilikuwa nimesoma mita mwenyewe, na namba zilikubaliana. Hapa ni mafuta, kwa sababu bwawa la Masinga limepungua maji. Nikamwambia namba zisipokubaliana siku moja, nitaenda na hiyo bili ofisini nikaulize, na sitoki mpaka nijibiwe. Halafu nikamwonyesha risiti zetu za zamani za dizeli. Hata na ule mstari wa mafuta, tulikuwa tumelipa karibu nusu. Mvua ilipokuja Novemba, ikanyesha mpaka mabwawa yakajaa, mstari ukaanza kushuka. Musila siku hizi ndiye anayesoma bili, na huwaelimisha majirani kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa Kindaruma.

Nilipunguza bei ya kusaga. Wateja wakarudi, wakaleta na wengine. Kabla ya mwaka kuisha, nyumba kumi na moja za mtaa wetu zilikuwa zimepeleka fomu ofisini. Nyaya za kwenye ua ziliondolewa. Kuntai aliweka taa mbili na pampu ya kisima, na hatii sahihi fomu yoyote kabla haijasomwa mara nne.

Siku moja mwezi wa Februari, pikapu ilisimama mbele ya mashine yangu. Mureithi akashuka. Nyuma alikuwa na magunia sita ya mahindi ya chakula cha kuku. Alipita kando ya akina mama wote kwenye foleni, akaja mpaka mlangoni.

"Mutindi," akasema, "mimi utanisagia kwa bei gani?"

"Bei ya kila mtu, Mzee."

Akakubali kwa kichwa, polepole. Akavuta gunia la kwanza mpaka kizingitini. Nikaweka mguu mbele ya gunia.

"Na foleni, Mzee, inaanzia kule nyuma. Baada ya mke wa Kuntai."

Aligeuka akaiangalia ile foleni. Ilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali. Akashika gunia lake kwa masikio, akalivuta mpaka nyuma, akasimama.